Ng'ombe wa Udongo Asiyeona

Wiki iliyopita nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia la mgonjwa wangu mmoja, namfunga bandeji mguuni, nikainua kichwa na kukutana uso kwa uso na mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa wa udongo, anaenea kiganjani, amesimama dirishani kati ya kopo la maua na rimoti ya televisheni. Alikuwa wa kahawia, anang'aa kama aliyepakwa mafuta, na pembe moja ilikuwa fupi kuliko nyingine. Mimi ni muuguzi wa kuzunguka majumbani hapa Tottenham, na kwenye nyumba za watu nimeshaona mengi, lakini mbuzi yule alinifanya nisahau kazi iliyokuwa mkononi.

Mgonjwa wangu ni bibi wa Kiingereza wa miaka themanini na ushei, na alifurahi kuulizwa. Alisema alimnunua zamani alipotembelea Marekani, kwenye nyika kavu za Wanavaho, wale wenyeji wa asili wa kule. Aliyemfinyanga alikuwa mwanamke mzee aliyekaa nje ya duka, wajukuu wamemzunguka. Watoto wa Kinavaho, akaniambia, tangu enzi wakichunga kondoo wanafinyanga kondoo wa matope, wakichunga mbuzi wanafinyanga mbuzi, na wengine hawaachi hata wakizeeka. Chombo kikitoka motoni kinapakwa utomvu wa msonobari kingali cha moto, ndiyo maana kinang'aa. Akanipa nimshike. Halafu akauliza, kwa wema tu, "Na kwenu Afrika, mna vitu kama hivi?"

Nikajibu, "Sijui."

Rafiki yangu unayesoma, nina miaka arobaini kasoro, nina watoto wawili na mkopo wa nyumba, na bado nilipiga magoti pale nikasema sijui. Niliposhuka ngazi za nyumba yake uso ulikuwa unaniwaka. Basi acha nikusimulie wewe, maana yeye siku ile nilimnyima.

Nilikuja London nikiwa na miaka sita. Baba na mama walikuwa wametangulia, na mimi nililelewa na bibi, mama yake baba, milimani Upare, kwenye nyumba ambayo uani kwake vyungu vilikuwa vingi kuliko kuku. Bibi alikuwa mfinyanzi, kama mama yake na mama wa mama yake. Udongo ukibaki kwenye chungu alinifinyangia ng'ombe mwenye nundu, na kila ng'ombe alikuja na sheria ile ile. Bibi hakumtoboa macho. Alinikabidhi angali mbichi, pamoja na mwiba, akisema macho anatoboa mwenye ng'ombe. Ukimpa macho, wa kwanza kumwona ni wewe, kwa hiyo hata akipotea atarudi. Ukichelewa akakauka, basi, umepata ng'ombe asiyejua kwao. Mimi nilikuwa na zizi zima chini ya kitanda, na wote walinijua.

Nilipofikisha miaka tisa, bibi akaletwa London. Mama alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, baba dereva wa basi, na mtu wa kunichukua shuleni hakuwepo. Bibi alikuja kukaa miezi sita. Tuliishi ghorofa ya sita kwenye majengo ya halmashauri, vyumba viwili vya kulala, kwa hiyo akalala chumbani kwangu, kitanda chake ukutani na changu dirishani, na katikati hita iliyokuwa inagugumiza kama mzee anayetafuta maneno.

Miaka mitatu si mingi, lakini ilinitosha. Nilikuwa nimeshajitengeneza Mwingereza. Bibi akinisemesha Kiswahili, namjibu Kiingereza. Yeye anageukia ukuta na kuuliza, "Huyu mtoto anaongea na nani?" Aliniita mke mwenza, maana kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake kwa utani, na kila asubuhi akinisuka alinilaumu kwamba nimemnyang'anya mume. Huko Upare nilikuwa nacheka mpaka nashika mbavu. London nilimwambia anyamaze, dirisha liko wazi.

Alipika makande. Mahindi na maharage aliyaloweka tangu jana yake, na jikoni kukawa na ule mvuke mzito wa nazi na kitunguu ambao leo ningetembea kwa miguu mpaka Edgware Road kuutafuta. Wakati ule kazi yangu ilikuwa kuning'iniza sweta langu la shule bafuni lisishike harufu. Kiingereza bibi alijifunza maneno matatu tu. Mawili, "thank you" na "sorry", alifundishwa na mama. La tatu alilipata mwenyewe kwenye lifti, kwa mama mmoja wa Kijamaika wa mlango wa pili, aliyemsalimia kila asubuhi, "Morning, neighbour!" Bibi akauliza maana yake, akaambiwa jirani, akalipenda. Akawa anajibu "Neighbour!" kwa nguvu zote, na wawili wale waliweza kushuka ghorofa sita kwa neno hilo moja, wanashikana mikono.

Mwezi wa kumi na moja mafundi wa mabomba wakachimba barabara mbele ya majengo yetu. Tulikuwa tunatoka shule. Bibi akasimama ukingoni mwa shimo, akachuchumaa, akachukua donge, akalisugua kwa kidole gumba, akalionja. Hakika, rafiki yangu, aliuonja udongo wa London mbele ya kituo cha basi. "Jiji zima limekalia udongo mzuri namna hii," akasema, "na vyungu wananunua dukani!" Kwetu Upare shimo la udongo ni la wanawake. Mwanamume akilisogelea, vyungu vinapasuka. Sasa shimo hili lilikuwa na wanaume wanne wa fulana za kung'aa, mmoja anakunywia chai humo humo. Bibi akawatazama kwa muda, akaona shida haina mwiko, akanyoosha mfuko wake wa plastiki, nao wakamjazia huku wanacheka vizuri tu. Mimi nilikuwa hatua kumi mbele, najifanya nasoma ratiba ya basi.

Jumamosi akajaribu kuchoma kijungu kwenye oveni. Kilipasuka kwa kishindo, king'ora cha moshi kikalia, na jengo zima likashuka uani, wengine na taulo kichwani, mama wa Kijamaika na paka wake kifuani. Mama aliomba radhi milango yote. Bibi yeye alisema tatizo si oveni, tatizo ni wale wanaume shimoni.

Tangu hapo akafinyanga ng'ombe tu, wa kukaushwa juu ya hita. Wa kwanza alinipa pamoja na kijiti cha meno, maana miiba hatukuwa nayo. Nilimtoboa macho bila kumwangalia, moja juu moja chini, nikarudi kwenye televisheni. Bibi alimweka juu ya hita akasema, "Amekuona upande, lakini amekuona."

Na hapo ndipo Wanavaho walipoingia maishani mwangu. Mwalimu wetu, mwanamke mpole mwenye shanga kubwa shingoni, alitufundisha habari zao mwezi mzima. Alituonyesha picha za wanyama wao wa udongo, kondoo, mbuzi, farasi, ng'ombe. Akasema kwao hao si mapambo. Kondoo ni maziwa, ni nyama, ni sufu ya blanketi, na mtoto anayemfinyanga kondoo anajifunza kukitazama kitakachomlisha. Akasema wapo wanyama ambao wazee hawapendi wafinyangwe ovyo, kama dubu na nyoka, kwa sababu kukifanya kitu ni kukiita. Akasema bibi hukaa na wajukuu, mikono ikafundisha mikono. Darasa zima liliwaonea wivu watoto wale. Mimi pia niliwaonea wivu. Nilikaa pale nikitamani kuwa na bibi wa namna hiyo, na wangu alikuwa nyumbani anampiga ng'ombe kofi la mwisho la nundu.

Tukaambiwa kila mtu aje na mnyama aliyemfinyanga. Nilisahau, na asubuhi nikamchukua ng'ombe kutoka juu ya hita na kumtia kwenye mfuko wa soksi za michezo. Wenzangu walileta vinundu vya udongo wa dukani, vingine havijulikani kama ni paka au viazi. Mwalimu akafika kwangu. Alimgeuza geuza ng'ombe wangu, akapitisha kidole kwenye mgongo, akauliza nimempata wapi.

Maneno mawili yalitosha. Bibi yangu. Lakini akilini niliona soksi za bibi ndani ya makubazi, nikaona anavyoonja udongo barabarani, nikasema ni wa Kinavaho halisi, rafiki yake baba amemleta kutoka Marekani. Mwalimu akauliza mbona ana nundu. Nikasema ni nyati. Kule Marekani wana nyati wenye nundu, nilikuwa nimewaona kwenye kitabu. Mwalimu akaandika kadi kwa mwandiko mzuri, "Nyati wa Kinavaho", akamweka peke yake kwenye kitambaa chekundu, na kadi nyingine ya kukataza watu wasimguse.

Alasiri ya wazazi kuja kuona kazi zetu, mama alikuwa zamu na baba njiani na basi lake. Aliyekuja ni bibi. Alivaa koti la baba lililomfika magotini, vitenge viwili, soksi na makubazi. Aliingia akitabasamu, akasalimia hewa, akazunguka meza, na alipofika kwenye kitambaa chekundu akapiga kicheko. Alimwona ng'ombe wake. Akamnyanyua na kumpiga kofi mgongoni, kama unavyomsalimu ng'ombe uliyemkuta kwenye malisho ya mwenzio. Wazazi wakageuka. Mwalimu akaja haraka, si kwa ukali, akamtazama bibi, akanitazama mimi, akauliza kama namfahamu mama huyu.

"She's our neighbour," nikasema.

Nilisema kwa Kiingereza kwa sababu bibi hakijui. Nililisahau lile neno la tatu.

Mkono wake ulisimama juu ya nundu. Hakunitazama. Alimrudisha ng'ombe kwenye kitambaa taratibu, akamnyoosha miguu akae vizuri, kisha akamgeukia mwalimu. "Yes," akasema, na hilo "yes" sijui alilipata wapi. "Neighbour. Sorry. Thank you." Alitumia Kiingereza chake chote alichokuwa nacho ili nisiaibike.

Kwenye basi alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma. Nilijiambia atamweleza mama, nitachapwa, yataisha. Sisi Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi. Husemwa kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Bibi alikuwa na kesi, alikuwa na ushahidi, alikuwa na mtuhumiwa aliyekamatwa mchana kweupe, na hakuipeleka popote. Alipika. Tulikula. Nikaenda chumbani kulala, na baada ya muda nikasikia mlangoni, "Hodi."

Sikuelewa. Akarudia, "Hodi humu." Kile kilikuwa chumba chake. Kanga zake zilikuwa kwenye msumari, miwani yake juu ya hita. Kwetu mtu hapigi hodi nyumbani kwake, hodi ni ya mgeni na ya jirani, na bibi alisimama nje mpaka nikaitika "Karibu" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Akaingia, akasema ahsante, akalala. Kesho yake ikawa hivyo, na keshokutwa. Hakununa, usidhani. Alinisuka, alinipikia, alinichukua shuleni akisubiri ng'ambo ya barabara badala ya getini. Ila hakuniita tena mke mwenza. Aliniita kwa jina langu kamili la ubatizo, analitamka kwa uangalifu. Na kila siku ile hodi.

Ningeweza kusema samahani. Siku ya kwanza ilikuwa rahisi. Ya pili ilikuwa ngumu kidogo. Kufika ya kumi neno lenyewe lilikuwa kubwa kuliko mdomo, nikajifunza kuitika karibu nikiwa nasoma kitabu.

Alipotimiza miezi minne London akamwambia mama kwamba baridi imemshinda. Mama alisikitika, baba akabadilisha tiketi. Siku ya safari nilikuwa shule, na sikuomba ruhusa ya kubaki. Niliporudi, kitanda cha ukutani kilikuwa kimetandikwa bila kikunjo. Juu ya meza yangu palikuwa na kitu kimefungwa kitambaa chenye maji, juu yake mfuko wa plastiki, na kijiti cha meno kimelazwa pembeni. Nilifungua. Alikuwa ng'ombe, mzuri kuliko wote, mbichi, nundu imeinama kidogo, alama ya kidole gumba cha bibi shavuni, na hana macho.

Nilijua maana yake. Mtoto wa miaka tisa anajua. Bibi alikuwa ameondoka na hasira zake, kama alikuwa nazo, na ameniachia mlango wazi, anachotaka ni nitoboe matundu mawili. Nilichukua kijiti. Halafu nikaona haya kutazamwa na ng'ombe yule. Ilikuwa kama anajua kila kitu. Nikamfunga tena, nikamsukuma ndani kabisa ya kabati, nikasema kesho. Nilipomtoa, wiki kadhaa zilikuwa zimepita, na alikuwa amekauka kama tofali.

Bibi alipiga simu Jumapili moja baada ya kanisa. Mama akanipa. Sauti ilikuja na mwangwi wake, "Mke mwenza!" Alikuwa amelirudisha. Kisha akauliza, "Ng'ombe anaona?"

"Anaona, bibi," nikasema.

Alicheka kwa furaha iliyonikaa masikioni mpaka leo. Na alikuwa akiuliza kila mara, miaka na miaka. Nikiwa sekondari, nikiwa na mchumba, "Ng'ombe wetu anaona?" Anaona, bibi. "Anakula majani ya Kizungu?" Anakula, bibi. Ukawa utani wetu, na utani mzuri hasa, ila nilikuwa naujua peke yangu ubovu wake. Alifariki nikiwa mwaka wa pili wa uuguzi. Sikwenda kumzika, nilikuwa na mitihani, na hiyo angalau ilikuwa kweli.

Majengo yetu yameshabomolewa. Pameota ghorofa za vioo zenye walinzi, na walipochimba msingi nilipita nikauona udongo ule ule umerundikwa nyuma ya uzio, malori yanausomba kwenda kuutupa. Mama wa Kijamaika hayupo. Kwenye lifti ninayopanda sasa watu wanasalimia simu zao. Wanangu nawasemesha Kiswahili na wananijibu Kiingereza, na mimi wa kugeukia ukuta sina haki.

Jana ilikuwa zamu ya kubadilisha bandeji. Nilimbeba yule ng'ombe wa mwisho wa bibi, niliyemtunza miaka yote, kwenye kopo langu la chakula, nimemzungushia taulo. Nilipomaliza mguu nikamwambia mgonjwa wangu kwamba nilimdanganya, kwamba kwetu wapo, na bibi yangu alikuwa mfinyanzi. Hayo maneno mawili yalinichukua miaka thelathini. Alimpokea ng'ombe kwa mikono miwili. Macho yake yeye mwenyewe yamefifia, kwa hiyo alimsoma kwa vidole, nundu, pembe, mkia, akafika usoni akasita.

"Macho yake yako wapi?"

"Nilitakiwa nimtoboe mimi," nikasema.

Alifikiri, kisha akasema kwa upole wa watu wa hapa kwamba labda bado sijachelewa, mpenzi, si ni udongo tu. Na ni kweli, hakuchomwa, nikimlowesha atalainika. Nilipofika nyumbani nilijaribu. Nilichovya kidole kwenye kikombe cha maji, nikakigusisha shavuni kwa ng'ombe, na ile alama ya gumba la bibi ikaanza kuyeyuka. Nikaacha hapo hapo na kupuliza, kupuliza, mpaka pakakauka. Ile methali ya udongo uwahi ungali maji, wengi husema maana yake ni malezi ya watoto. Bibi akiisema alikuwa anamaanisha udongo.

Nimemweka juu ya hita, uso kwangu. Binti yangu alipita akauliza kwa Kiingereza chake naongea na nani, nikamwambia kwa Kiswahili kwamba naongea na bibi. Kisha nikamalizia nilichokuwa nasema.

"Haoni, bibi. Hajaona hata siku moja."